Mtaro wa Kuchuja Majitaka

Aibu hii niliitafuta mwenyewe, tena na daftari mkononi.

Tulipohamia kijiji cha ujamaa huku milimani Tarime, mimi, katibu wa afya, nilisimamia uchimbaji wa mtaro nyuma ya nyumba zote, uchuje majitaka ya kuogea na kufulia kwa kokoto, mchanga na mkaa. Kila asubuhi nilichungulia mwisho wake. Maji yalitoka maangavu, bila povu wala harufu! Nikayaandika yote, nikaomba wilaya itupe saruji tujenge mwingine.

Bwana afya wa wilaya akaja kuhakikisha. Mbele ya kijiji kizima nikachota kikombe, nikanywa.

"Kama ya chemchemi!" nikatamba.

"Ni ya chemchemi, shemeji," akasema Bhoke, mke wa jirani yangu. "Uliichimbua mwenyewe ulipochimbisha mtaro."

"Na majitaka?"

"Tunamwaga migombani. Maji niliyoogea yakutane na ya baba mkwe mtaro mmoja? Wewe si Mkurya, hujui ni mwiko?"

Bwana afya akaikunja barua ya saruji. "Na kwako, katibu?"

Nikamgeukia mke wangu, ambaye tunaishi naye nyumba moja na baba yangu. Alikuwa amejifunika uso kwa khanga, mabega yakitikisika kwa kicheko.