Kikohozi Changu Kwenye Simu ya Mtu

Ule ulikuwa mwaka wa matobolwa. Mahindi yalikaukia shambani, tukala viazi vilivyochemshwa na kuanikwa, asubuhi matobolwa, mchana matobolwa na dagaa wa Ikola, mpaka mjukuu wangu akasema siku moja tutaota majani ya viazi masikioni.

Mjukuu huyo ni mtoto wa binti yangu, msichana, naishi naye hapa Ilembo. Mimi shule niliishia darasa la tatu. Yeye kasomea kompyuta, na akili zile, nasema wazi, kazitoa kwangu. Mwaka huo alitengeneza programu ya simu ya kufundisha Kibende, lugha yetu. Unagusa picha ya mwiko, simu inakutamkia mwiko kwa Kibende. Sauti ni yangu. Wiki mbili nzima nilimtamkia huku namenya karanga.

Alipomaliza akasema, "Bibi, nimeiachia. Nimeiwekea na leseni."

Kwangu leseni ni ile karatasi inayoning'inia dukani, inapanguswa vumbi siku bwana biashara akija. Nikamuuliza, "Kwani unafungua duka?"

Akacheka. "Siyo hiyo, mke mwenzangu. Hii inasema kila mtu achukue bure, abadilishe akitaka, ila asifute majina yetu, na akibadilisha naye agawe hivyohivyo."

"Akifuta?"

"Kashaiba."

"Na askari wa kumkamata nani?"

"Sisi wenyewe watengeneza programu, kwenye grupu letu la simu."

Hapo karanga nikaziweka chini. Watu hawajawahi kuonana, mmoja Dar, mwingine sijui wapi, wanakamatanaje? Hiyo ya kugawa niliielewa upesi kuliko alivyodhani. Huku kwetu ukipewa mbegu ya maharage unapanda, unakula, unamgawia jirani, lakini unasema kakupa nani. Ninayo moja tunaiita ya mama wa Katumba, na mwenyewe alishazikwa. Anayejidai kaianzisha yeye, wanawake kisimani wanamcheka mpaka anabadilisha njia. Sasa kwenye simu, kisima kiko wapi?

Nilikiona baada ya miezi michache. Mwenzangu wa kwaya alinijia kanuna. "Bibi, siku hizi unatangaza kamari?" Akanionyesha simu yake. Programu ileile, picha zilezile, majina yetu hayapo. Lipo la fundi simu mmoja wa hapahapa mjini, na kila nikitamka neno linaruka tangazo la kubeti. Niliona aibu kama khanga imenidondoka sokoni.

Mjukuu akapeleka malalamiko kwenye grupu. Tukakaa mchana kutwa, ananifungulia sauti zao nisikie. Nilitegemea matusi. Wapi! Kilikuwa kama kikao cha ukoo, huyu anauliza, yule anasema nyie subirini mwenzetu ajitetee. Fundi, kumbe naye yumo humohumo, akajitetea kwamba sauti alirekodi mwenyewe, kwa bibi mwingine.

Mjukuu akawaambia, "Sikilizeni neno la mvua kwenye yangu, halafu kwenye yake."

Kwenye neno la mvua nilikohoa. Kikohozi kifupi, kikavu, cha maganda ya karanga, na jogoo wangu akadakia nyuma. Kwenye ya fundi nikakohoa vilevile, jogoo akadakia vilevile. Grupu likalipuka kwa kicheko. Mmoja akasema, "Ndugu yetu, na jogoo pia ni wa bibi mwingine?"

Nilijivuna, nisidanganye. Kikohozi changu kilisimama kizimbani kikashinda kesi.

Fundi akageuza maneno. Basi sauti ni ya bibi huyo, lakini bibi mwenyewe alimruhusu. Wasimamizi wa grupu wakampa mpaka kesho yake jioni alete kauli yangu. Asipoleta, anatolewa, na wenzake wote wataambiwa ni kwa nini.

Asubuhi akaja mwenyewe, na mche wa sabuni mkononi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mume wangu. Kaa."

Akakaa ukingoni mwa kigoda. "Bibi, matangazo natoa. Majina narudisha. Wewe sema tu kwenye simu kwamba uliniruhusu. Wakinitoa wale, kazi za kompyuta nimezikosa, nani ataniamini?"

Alikuwa na adabu, na mama yake namjua. Huruma ilinishika kweli. Nikamtazama mjukuu wangu, kasimama mlangoni. Nikisema nilimruhusu huyu, mwongo anakuwa mjukuu wangu mbele ya watu wote wale.

"Sikukuruhusu, na sitasema nilikuruhusu."

"Bibi, kwani si kitu cha bure?"

"Kuchukua ndiyo bure. Majina ulifuta ya nini?"

Akawasha kurekodi, akanisogezea simu mdomoni. "Neno moja tu, bibi yangu. Nakuomba."

Nikaishika ile simu vizuri, isije ikasikika nusunusu.

"Sikukuruhusu, na sitasema nilikuruhusu."