Pa Kulia

Niliondoka Bugarama asubuhi, umande ukiwa bado kwenye migomba, bila kujua ninakokwenda. Nilikuwa na begi moja, na kwenye mfuko wa shati vidonge ambavyo sikuwa nimevigusa kwa siku tatu.

Tulikuwa tumemzika shangazi aliyenilea. Mimi niliacha shule darasa la sita nikazurura kila mnada na kila mgodi, na yeye aliendelea kunifunikia sahani ya chakula hata nikipotea miezi. Kaburini nilisimama macho makavu. Walilia wote, hata waliogombana naye juu ya mpaka wa shamba. Baadaye pombe ya ndizi ikazunguka, nikaikataa kwa sababu dawa ilikuwa bado mwilini. Mwana wa shangazi akasema mbele ya watu, "Hulii, hunywi. Umekuja kumzika nani hapa?"

Ningemjibu nini? Kwamba nina sonona? Siku nilipolitaja neno hilo kwa shangazi, aliniuliza kama linaambukiza.

Nesi aliyenipa dawa alinionya kuhusu kichefuchefu cha wiki za mwanzo, akasema nisiiache ghafla bila kumwona. Kikaratasi cha ndani ya boksi kilikuwa cha Kiingereza. Nilikisoma kwa kamusi, neno kwa neno, siku nne. Kinywa kukauka, kweli. Jasho, mikono kutetemeka, miayo isiyoisha, kweli tupu. Lakini usingizi ulirudi, na yale mawazo ya kutaka nisiwepo yakaondoka. Machozi sikuyaona yametajwa popote, nayo ndiyo yaliyokauka kuliko kinywa.

Ndiyo maana niliacha vidonge siku ya kwanza ya msiba. Nilitaka nimlilie. Badala yake nikapata kizunguzungu, na kila nikigeuza macho kitu kama umeme kinapita kichwani.

Lori lililotoka kushusha saruji Burundi likanichukua. Dereva, Msukuma mwenye sauti kubwa, akaona ninavyoshikilia dashibodi.

"Ndugu yangu, asubuhi yote hii umeshalewa?"

"Sijanywa. Kuna dawa nimeacha."

"Sasa si uimeze! Hata ng'ombe wangu hana ubishi hivyo."

Alinishusha Nyakanazi. Gesti ya kwanza ilijaa madereva. Kwenye ya pili, mama mmoja alikuwa akifagia ua.

"Shikamoo, mama. Kuna chumba?"

"Marahaba, mwanangu. Pa kulala ni hapa, namba sita. Pa kulia ni kule nyuma, karibu na jiko."

"Pa kulia?"

"Eeh, kwenye benchi. Wageni wote hulia pale."

Nikaanza kucheka, kicheko kikanizidi mpaka nikashika ukuta. Mama akaacha kufagia.

"Kulia chakula, wewe! Kwani umetoka msibani?"

"Ndiyo, mama."

Akaegemeza ufagio ukutani. "Pole, baba. Nenda ukakae. Nakuletea."

Nikakaa pale benchi, peke yangu. Aliniletea wali na maharage, sahani imefunikwa kwa sahani nyingine. Niliitazama kwa muda kabla ya kuifunua. Machozi hayakuja. Nilikula nikamaliza, nikaomba maji, nikameza kidonge kimoja. Kisha nikamuuliza mama magari ya kwenda Biharamulo hospitali husimama wapi, maana kulikuwa na jambo la kumuuliza daktari ambalo kikaratasi hakikuniambia.

"Kesho nitakuonyesha," akasema, akanipa ufunguo wa namba sita.