Shimo Chini ya Nyumba ya Mama Zuhura

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Ujiji, nilichekecha mchanga kutwa nzima. Jioni fundi mkuu akainua chekeche, akaona imetoboka, akaniamuru nianze upya. Nililia kimyakimya. Baadaye nilijenga madarasa Ilagala, mpaka mkandarasi mmoja wa mjini akanifanya msimamizi wake wa kazi.

Huyo mkandarasi nilimpenda. Alikuwa mkali, lakini chakula chake alikula nasi kwenye sinia moja. Tuligombana mara moja tu, kwa ajili ya nyumba ya Mama Zuhura, muuza dagaa wa Kibirizi aliyekuwa akijenga Rusimbi.

Tulipochimba msingi upande wa nyuma, sururu ilizama. Kumbe palikuwa na shimo la choo la zamani, limefukiwa kwa takataka. Ilibidi tuchimbe hadi udongo mgumu, tujaze mawe na zege. Mkandarasi akaandika gharama za ziada: mawe, nondo na mifuko arobaini ya saruji.

Mama Zuhura alikuja moja kwa moja kutoka mwaloni, mitumbwi inakoshusha dagaa.

"Bei tulikubaliana," alisema. "Mimi nikikuuzia debe la dagaa, kesho siji kukudai zaidi eti ziwa lilichafuka."

"Mama, ya chini ya ardhi hakuna ayaonaye," mkandarasi akajibu.

Mama Zuhura akanigeukia mimi. "Fundi, wewe ndiye uliyechimba. Hilo shimo lipo?"

"Lipo, mama. Shuka ulione."

Alikaza khanga kiunoni, akashuka kwa ngazi. Nikampa nondo. Akaididimiza, ikazama mpaka mkono wake ukagusa matope. Alipopanda juu hasira zilikuwa zimempungua.

"Nimeona. Nitalipa."

Hapo ningeweza kunyamaza. Nilikuwa na watoto watatu shuleni. Lakini nilijua kwamba mifuko ishirini kati ya ile arobaini ilikuwa ya kufidia saruji iliyonyeshewa stoo kwetu ikaganda, kwa sababu bati lilivuja na sisi hatukuliziba.

"Mawe na nondo ni haki," nikasema. "Saruji, nusu yake ni uzembe wetu. Hiyo usilipe."

Mkandarasi akaikunja karatasi yake ya gharama. "Kesho usije kazini."

Nilikaa nyumbani siku tatu. Ya nne, mkandarasi alikuja mwenyewe, akaketi kizingitini bila kukaribishwa.

"Yule mama anasema bila wewe hakuna jembe litakalogusa kiwanja chake. Ile nusu ya saruji nimeifuta." Akacheka kwa uchungu. "Umenitia hasara, bwana. Vaa viatu twende."

Tangu siku hiyo hakutaja bei ya nyumba kabla hatujachimba mashimo ya majaribio, machache tu, pembe kwa pembe, mwenye nyumba akiwa amesimama hapo hapo. Tulifanya kazi hivyo mpaka nilipostaafu. Vijana mnaoanza ufundi, ugomvi mwingi wa ujenzi nilioamua ulikuwa wa watu wawili wanaobishania kitu ambacho mmoja wao hajakiona.

Mwaka huu nilikwenda kumsalimu Mama Zuhura. Vyumba vya mbele amepangisha. Yeye analala kile cha nyuma, juu ya lile shimo. Nikamuuliza kwa nini.

"Hivyo vingine nilielezwa tu," alisema akinimiminia chai. "Hiki nakijua mpaka chini."