Mguu Uliokataa Kupona

Ninyi mnaolala hospitalini na jeraha lisilofunga, haya nawaandikia.

Kabla ya kuumia nilifanya biashara ya miraa hapa Kianjai. Tulichuma alfajiri, tukafunga kwa majani ya mgomba, kisha mimi na Abdi, dereva Msomali niliyemzoea kama ndugu, tukakimbiza gari hadi mpakani. Wakati huo wapiganaji waliosema wanapigania dini walikuwa wakivuka kutoka Somalia na kushambulia magari. Serikali ikaweka kafyu huko, ikaamuru kila gari lifuate msafara wa polisi.

Siku ile msafara ulichelewa.

"Tungoje, mzee," Abdi akasema.

"Miraa inyauke? Ya jana hailiwi hata na mbuzi. Endesha!"

"Afadhali inyauke hiyo kuliko sisi," akanung'unika, lakini akaendesha.

Risasi zilitoboa mlango wa upande wangu. Moja ilivunja mfupa wa paja. Abdi hakusimama. Magurudumu yalipasuka, naye akaendelea kuendesha kwa rimu mpaka kambi ya jeshi. Hapo akanifunga paja kwa kikoi chake.

Nililetwa hospitali ya huku Meru, nikatiwa chuma. Jeraha likakataa kufunga. Lilitoa usaha wa kijani, na harufu yake iliwafanya wageni wakae karibu na dirisha. Mimi nilizaliwa miaka ya Hali ya Hatari, Waingereza wakipigana na Mau Mau, katika kijiji kilichozungushiwa handaki, na mama alitufunza kulala jicho moja wazi. Sasa hata la pili halikufumbika. Nikisinzia tu, nasikia mlango ule ukitobolewa. Kwa hiyo marafiki waliniletea miraa kwa siri, nikatafuna chini ya blanketi nisipate usingizi. Chakula kikanishinda.

Abdi alipokuja kuniona nilimwambia, "Toka. Ninyi na hao walionipiga risasi ni wamoja." Akaweka maziwa mezani, akaondoka.

Daktari akasimama kando ya kitanda changu. "Mzee, mwili hujengwa na chakula na usingizi. Ijumaa nisipoona nyama mpya, tutakata juu ya goti."

Mke wangu Karimi akainua mto, akaona vijiti vya miraa. "Baba Mwenda, unataka nikuzike kipande kipande?"

Nililia. Nikamwambia ninaogopa kulala. Hakunicheka. Alitoka, na mchana akarudi na Abdi.

"Nilikosa," nikasema nikitazama ukuta.

"Ulikosa sana," akajibu. Akavuta kiti hadi mlangoni. "Sasa lala. Atakayeingia ataniona mimi kwanza."

Nililala mpaka Karimi akaniamsha kula. Nikamaliza sahani nzima ya mukimo, viazi na mahindi vilivyopondwa pamoja. Abdi alirudi kila mchana, na miraa sikuigusa tena. Ijumaa daktari alifungua bandeji, akabonyeza, ikatoka damu nyekundu badala ya usaha. "Tusubiri kidogo," akasema. Kisu hakikuja.

Mguu umebaki mfupi. Natembea kwa mkongojo, na kuna usiku bado naamka nikiwa nimelowa jasho. Namshukuru Mungu, daktari, Karimi na Abdi. Ukiwa na hofu, mwambie muuguzi mapema. Usiifiche chini ya mto. Na kama kuna mtu uliyemfukuza, mwite wewe mwenyewe. Mimi ilibidi mke wangu aende kuniitia, na hilo linaniuma kuliko paja.