Furushi Jeupe la Mzee Kasiani

Nikisimulia hili naona haya mpaka leo, lakini kwa kuwa nyie mmeshalisikia kwa watu, na watu wameongeza chumvi, bora mlipate kwangu mwenyewe, maana mie ndiye niliyemfukua marehemu wa watu mchana kweupe, mbele ya jumbe na askari.

Zama zile za Mwingereza sie watu wa Temeke tulikuwaga tunajitolea kila Jumamosi kusafisha mahandaki ya vita ya Mjerumani, kule nyuma ya mikorosho, tunafyeka majani, tunafagia, tunapaka chokaa mawe ya makaburi (ujira hakuna, ni uji wangu tu, na uji wenyewe wakiulalamikia), na jumbe alitupa sharti moja, asichimbe mtu shimo pale, atakayechimba atamkabidhi polisi.

Sasa mwenzetu mmoja, Mzee Kasiani, mtu wa kusini, mpole, haongei, mie nilikuwa simwamini. Mtu gani hasengenyi hata kidogo? Asubuhi moja nikamwona anapita na baiskeli, kafunga nyuma furushi refu lililoviringishwa bafta nyeupe, nikamwamkia, "Shikamoo mzee, umebeba nini?" akaitikia marahaba, swali la pili akaliacha njiani. Ningekwenda zangu kukoroga uji yangeishia hapo. Nikamfuata. Akaenda hadi handaki la mwisho, akachimba, akalifukia, akasawazisha udongo kwa viganja. Roho ikaniambia ile ni pembe ya ndovu, na ikigundulika tutabebwa sote mpaka mpika uji.

Nikamwambia jirani yangu Bi Mwanaidi, yeye peke yake (najua, mnacheka), na jua halijapanda vizuri jumbe kaja na askari, na nusu ya Temeke nyuma yao. Mzee Kasiani akasema taratibu, "Mwanangu, pale pana mtu. Paache." Mie ndo nikazidi kushuku, nikanyakua jembe mwenyewe, nikachimba, nikafungua bafta kwa mbwembwe ili kila mtu aone.

Mgomba. Kipande cha mgomba, kimeoshwa, kimepakwa mafuta.

Watu wakaangua kicheko, nami nikacheka nao kinyonge, mpaka mzee alipopiga magoti. "Ni mdogo wangu," akasema. "Alikuwa mpagazi, alifia humu na mzigo wa watu kichwani, mwili hatukuupata. Kwetu mtu asipopatikana tunamzikia mgomba. Mama kafariki juzi, na mpaka anakata roho alikuwa ananiuliza kama nimemzika."

Kicheko kikakatika. Nilitamani ardhi inimeze, na shimo lilikuwepo tayari.

Askari akauliza, maana sharti ni sharti, "Nani kachimba hapa?" Mzee akaanza kuinua mkono. Nikamwahi. "Nimechimba mie, afande. Jembe si hili hapa, na watu wote wameniona." Jumbe akanitazama, akautazama mgomba, akaniambia, "Haya, Bi Zuhura, utanifagilia baraza mpaka nichoke mwenyewe, na hilo shimo lifukieni."

Bafta ilikuwa imejaa matope, nikavua kanga yangu ya juu nikamfunika nayo marehemu, tukamzika upya, safari hii kila mtu akitupia udongo wake.

Siku hizi nikiona mtu na furushi nageuza uso, hata kama linatikisika. Upande mmoja wa ile doti bado ninao, na mume wangu akiuliza wa pili uko wapi, namwambia nilimpa mtu aliyelala nje miaka mingi.