Bei Poa na Kasuku Asiyeuzwa

Kwanza tukubaliane: duniani kuna watu wanaojua kuuza, halafu kuna Bei Poa. Miaka kumi na minane alisimama juu ya stuli sokoni akinadi viatu vya mitumba, na wapo waliorudi nyumbani na viatu viwili vya mguu wa kushoto, tena wakitabasamu. Bisha ukitaka.

Mgongo ulipoanza kumsumbua, akapata kazi kwenye kituo kinachotunza wanyama wa nchi za mbali waliookolewa majumbani mwa watu: kasuku, makobe, chatu mmoja mvivu, na mjusi wa kijani mrefu kuliko mkono wako. Kazi yake ilikuwa kuwatembeza wageni na kuwaeleza kwa nini viumbe hao si wa kufugwa sebuleni. Basi. Kazi nyepesi, au siyo?

Ulimi ukamponza. Akifika kwa kasuku, mikono inapaa yenyewe: "Tazama rangi hiyo! Tazama mdomo! Anaongea, anapiga mluzi, wala hali chakula kingi!" Ziara ikiisha, wageni wanamvuta pembeni: "Huyu mnauza bei gani?"

Wiki moja, watu saba. Daktari wa wanyama, mama mfupi mwenye kituo chake, akamwita kwenye chumba cha dawa.

"Bwana wee, hapa tunawafundisha watu wasinunue. Wewe unawatia hamu!"

"Ni mazoea tu, Daktari."

"Kesho nafuatana nawe. Akitokea hata mmoja wa kuuliza bei, utahamia kusafisha vizimba. Kimya kimya."

Kimya kimya! Heri angemwambia ale sabuni. Usiku ule akamsimulia mkewe yote. Mkewe, aliyekuwa akikunja nguo kitandani, akamtazama weee, kisha akacheka.

"Baba watoto, kule sokoni, mteja ukimchoka ukataka aende zake, ulikuwa unafanyaje?"

Bei Poa akakuna kichwa. "Nilikuwa namwambia ukweli."

"Ehe. Sasa?"

Asubuhi wakaja wageni kumi na wawili, Daktari nyuma yao, kakunja mikono. Mbele ya kasuku, mikono ya Bei Poa ikaanza kupaa, akaisokomeza mifukoni.

"Mnamwona huyu? Mtazameni kifua."

Kifua kilikuwa kitupu, kama cha kuku aliyenyonyolewa.

"Kajinyonyoa mwenyewe. Miaka sita jikoni kwa mtu, peke yake, kizimba hakitoshi hata kukunjua mabawa. Anapiga kelele tangu alfajiri. Anang'ata, ushahidi ni kidole hiki. Tena anaweza kufika miaka hamsini. Ukiondoka wewe, watakaong'atwa ni wajukuu zako!"

Watu wakaangua kicheko. Kisha wakamtazama tena kasuku, kicheko kikaishia hapo.

Kwa kobe mkubwa pia hakusifu kitu: "Huyu alinunuliwa akitosha kwenye kikombe. Juzi katuvunjia mlango wa choo, na mimi nikiwa ndani."

Ziara ikaisha. Hakuna aliyeuliza kitu. Bei Poa alikuwa ameshaanza kushusha pumzi, mara dada mmoja mwenye miwani akamshika shati na kumvuta pembeni. Daktari akasogea, sikio limesimama. Bei Poa akaanza kuisikia harufu ya ile sabuni ya vizimba.

"Samahani kaka, nilitaka kuuliza..."

"Usiulize, dada yangu. Nakuomba."

"Ninaye mjusi kama yule wenu wa kijani. Yuko bafuni mwaka wa tatu huu, sisi tunaogea jikoni. Jamani, mnapokea?"

Daktari akakohoa kikohozi kisicho na mafua. Mikono ya Bei Poa ikachomoka mifukoni na kupaa juu kabisa.

"Tunapokea, dada! Leo leo! Usafiri juu yetu!"

"Juu ya nani?" akauliza Daktari. Lakini mkono wake ulikuwa tayari kwenye mkoba, unapekua ufunguo wa gari.