Kijiji cha Vijistari Viwili

Mimi na kompyuta tulipendana kabla hata sijaolewa. Soko la mahindi lilikuwa limeshakuwa huria, kila mwenye lori kageuka mnunuzi, na kampuni yetu pale Majengo ilikuwa na vituo vya kununulia mahindi Ufipa nzima. Kazi yangu ilikuwa kuingiza takwimu za vituo kwenye programu ya kuchora chati. Bosi alikuwa mgonjwa wa chati. Haamui jambo mpaka alione limechorwa.

Sasa chati ya msimu ule ikaipa Mpui kijinguzo kifupi ambacho hata kifaranga angekiruka.

"Mpui tufunge," bosi akasema. "Mizani ihamie kwingine."

Mpui ni kwetu. Kituo kikifungwa, baba angebaki na walanguzi wa lumbesa, wale wanaojaza gunia hadi liote kichwa kisha wanalipa bei ya gunia la kawaida.

Lakini kidole cha bosi kilishahama. Mwisho wa chati ilisimama nguzo ndefu kuliko zote, na chini yake, badala ya jina, vijistari viwili tu.

"Na hiki kijiji kinachowapiga wote kiko wapi? Tukipelekee lori kesho!"

"Labda kiko kule bondeni," mhasibu akajibu, tena kwa kujiamini kabisa.

Nikakimbilia kwenye takwimu zangu. Karani wa Mpui aliwahi kusoma seminari, na kurudia neno aliona ni kuharibu wino. Mstari wa kwanza wa kila ukurasa wa daftari la kituo kaandika Mpui, mingine yote kaweka vijistari, yaani kama hapo juu. Dada wa steshenari aliyetuchapia kurasa hizo alivichapa vilevile alivyoviona. Programu nayo ikaamini ni kijiji.

Loo, nilivyocheka! Nikajaza jina la Mpui kushuka chini, kila penye vijistari. Nikafuta mistari ya Jumla, maana nayo ilikuwa imejifanya kituo. Miezi iliyotandazwa kwa upana nikaishusha yote ikae safu moja, ndivyo programu inavyotaka. Nikabonyeza.

Kijiji cha bondeni kikayeyuka. Mpui ikapanda, ikakipita kituo cha Milanzi, ikavipita vyote! Nikapiga vigelegele mle mle ofisini, mhasibu akaruka kitini.

Bosi akaitazama chati mpya. "Mpui waongezewe mizani," akasema.

Nikampigia mama simu.

"Shikamoo mama! Kituo hakifungwi!"

"Marahaba. Kwani nani alitaka kukifunga?" Nyuma yake nilisikia ng'ombe wa mikokoteni wakilia. "Baba yako yuko kwenye foleni tangu alfajiri, miguu imemvimba. Hebu waambie hao wakubwa zako walete mizani nyingine."

"Inakuja, mama," nikasema, nikicheka na kulia kwa pamoja.